Gitaa la Kitanda cha Mvule

Mlio ninaoukumbuka vizuri kuliko yote si wa nyuzi. Ni wa gitaa likibanduka kwenye shati la mtu. Ulikuwa mlio mrefu kidogo, wa kunata, kama plasta inayotolewa kwenye mguu wenye nywele. Ulitoka mbele kabisa ya kanisa kule Chakol, wimbo wa Utukufu ulipokwisha, wakati Katekista Raphael alipotaka kuweka gitaa lake jipya chini akae asikilize somo. Gitaa lilikataa. Akalivuta kidogo, likamfuata na shati. Akalivuta kwa nguvu, ndipo ule mlio ukatoka, na kwaya yote ikainamisha vichwa kama watu wanaosali sana. Kwenye shati lake jeupe kulibaki alama ya njano, duara mbili, kubwa na ndogo, gitaa zima limejichora pale.

Mimi nilikuwa benchi la tatu. Nilikuwa nimetoka Malaba asubuhi hiyo kuja kusikia kazi yangu ikiimba, kwa sababu mimi ndiye niliyelipaka hilo gitaa mafuta.

Nawaandikia ninyi wasichana wawili mnaoshika kitambaa pale karakana ya Mzee Ekisa sasa, na wengine mtakaokuja. Najua mnacheka nikisema nimestaafu. Mtu wa miaka thelathini na tatu anastaafu nini? Lakini nilifanya kazi ile miaka kumi na miwili, na kifua kikasema basi. Daktari alisikiliza mgongo wangu, akauliza nafanya kazi na mbao gani, nikasema mvule. Akaandika kitu kirefu. Mimi nikaelewa kifupi: nikipiga msasa mvule tena, nitakuwa napumua kama baiskeli yenye mnyororo mkavu. Kwa hiyo ninyi mko pale, mimi niko Moding nafuga kuku. Vaeni zile barakoa. Mimi nilikuwa naona zinanizuia kuimba.

Na msidhani nina huzuni. Mimi bado naota. Naota kuna mtu mahali mbali, sijui wapi, ameketi na gitaa la Malaba kifuani, anapapasa mgongo wa hilo gitaa na kusema, hii imepakwa na mtu mwenye subira. Ndoto haihitaji kifua kizima.

Sasa mafuta. Nilipofika kwa Mzee Ekisa nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili na sikujua tofauti ya mafuta na vanishi. Mzee alikuwa amelaza gitaa mbili juu ya meza. Akaniambia nifumbe macho nishike. La kwanza lilikuwa laini kama sahani. La pili lilikuwa laini kama mkono wa mtu.

"Ya kwanza umeshika nini?" akaniuliza.

"Gitaa."

"Hapana. Umeshika vanishi. Ya pili ndio umeshika mti."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Vanishi inakaa juu ya mti kama koti. Mafuta yanaingia ndani, na yakiwa ya aina inayofaa, yanakauka humo humo yakawa sehemu ya mti. Yetu yalikuwa ya linsidi, yaliyochemshwa, yanayotoka kwenye mbegu za kitani. Unapaka kidogo, unangoja robo saa, unafuta yote ambayo mti haujanywa. Unafuta mpaka unadhani umefuta kazi yako yote. Kesho unarudia. Mzee alikuwa akisema wengi wanajua kupaka, lakini fundi anajulikana kwa kufuta.

Na uso wa gitaa, ule upande wa mbele wenye tundu, haupewi mafuta kwa wingi. Ukiushibisha, unalala. Unapiga nyuzi na sauti inatoka kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nimewahi kulaza gitaa moja namna hiyo na halikuamka tena, Mzee alilitundika ukutani juu ya mlango wiki mbili, akawa analisalimia kila asubuhi, "Umeamkaje, Amoit?" Amoit ni mimi.

Vitambaa vyenye linsidi msivirundike. Tandazeni kwenye ua, kimoja kimoja, kama nguo za mtoto. Vikirundikana vinajipasha moto vyenyewe. Nilidharau jambo hilo mpaka siku mama wa chapati wa jirani alipokuja kuniuliza nimeanza lini kupika ndani ya mkebe wa takataka.

Lakini nilikuwa nawaambia habari ya Katekista.

Katekista Raphael alikuja kwetu na kitanda. Hakuja na picha ya kitanda wala vipimo. Alikuja na kitanda chenyewe, kimefungwa juu ya mkokoteni, miguu inaangalia mbinguni. Kilikuwa cha mvule, kizito, cha marehemu baba yake. Watoto walipogawana vitu, kaka zake walichukua ng'ombe na jembe la kukokotwa, yeye akapewa kitanda kwa sababu alikuwa amemuuguza mzee juu ya kitanda hicho. Alitaka kigeuzwe gitaa.

"Kaka zako wamekubali?" Mzee Ekisa akamuuliza.

"Wamenyamaza."

"Kunyamaza si kukubali, Katekista."

"Mzee wangu alikuwa anapenda nikimwimbia akilala. Nikiacha hicho kitanda kwa nyumba, panya watakipenda kuliko mimi."

Mzee akakikata. Ubao wa upande wa kichwani ukawa mgongo wa gitaa, mbao za pembeni zikawa mbavu, na uso tukaweka sipresi. Mimi nikapewa kupaka. Ndio mara ya kwanza niliachiwa gitaa zima tangu mwanzo, na Mzee akaenda matangani kule Angurai siku nne.

Siku ya kwanza nikagundua chupa ya linsidi imebaki tone. Ningeweza kungoja. Ninyi mngengoja, najua, kwa sababu mnasoma hii. Lakini Katekista alikuwa anataka gitaa Jumapili, na mimi nilikuwa nataka Mzee arudi akute kazi imeisha, asimame mlangoni akose maneno. Nikakumbuka akogo ya nyanya yangu, kile kisanduku kidogo cha mbao chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Nyanya alikuwa anakipaka mafuta ya shea, yale yale ya kujipaka mwilini, na kilikuwa kinang'aa kama njugu iliyooshwa. Wazee wetu wote walipaka hivyo. Nikasema, gitaa ni akogo lililokula likanenepa, basi.

Shea iko tele hapa kwetu. Mama Nambi, aliyekuwa akivuka kutoka Uganda na beseni kichwani, alinifungulia mtungi.

"Nyabo, ya uso ama ya nywele?"

"Ya gitaa."

"Hiyo mtoto wako anaitwa Gitaa?"

Nilipaka mara tatu. Mvule ukalewa, ukawa rangi ya chai iliyokolea, na mimi nikakaa mbele yake nikitabasamu kama mtu aliyepigwa picha. Siku ya tatu lilikuwa bado linateleza nikasema ni joto. Siku ya nne Katekista akaja kulichukua kabla Mzee hajarudi, nikalifunga kwenye kitenge nikampa.

Kosa la akogo na gitaa ni hili, na sikulijua: shea haikauki. Inakaa ndani ya mti miaka, mbichi vile vile. Akogo inashikwa kwa viganja, na viganja vinaipangusa kila siku; hakuna anayeikumbatia kwa shati la Jumapili saa nzima kanisani. Gitaa linakumbatiwa. Joto la tumbo linaita mafuta yatoke nje, yanakutana na vumbi na jasho, yanakuwa gundi.

Basi, Jumatatu Katekista akaja karakana. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Aliweka gitaa mezani taratibu, akavua kofia.

"Mzee Ekisa, nimekuja kuuliza kitu ya ajabu kidogo. Hii gitaa inaweza rudi kuwa mbao?"

"Kwa nini irudi?"

"Kaka yangu mkubwa anasema kitanda ya marehemu haikatwi. Anasema mzee ameishika, hataki kuachilia. Hata mimi nilisikia, vile ilinishika mbele ya watu. Si mara moja. Nyumbani pia. Kila nikiiweka chini inanivuta." Akakohoa kidogo. "Jumamosi tunataka tuombe, tuizike kando yake. Nitakuwa nimemrudishia."

Mzee Ekisa akapitisha kiganja mgongoni mwa gitaa, akakinusa, akakunja uso. Alikuwa na mafua aliyotoka nayo matangani. Angekuwa na pua yake ya kawaida, hadithi ingeishia hapo.

"Ni mvule, Katekista. Mvule una tabia yake, unakataza mafuta yasikauke. Nilijua na sikumwambia huyu msichana. Kosa ni langu."

"Si kosa ya mtu. Ni mzee wangu tu."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na msasa mkononi. Mmoja anamlaumu marehemu, mwingine anajilaumu mwenyewe, na mimi, niliyejua nilichopaka, nilikuwa nimepewa mlango wazi nipite bila kuguswa. Nikapita. Nikanyamaza. Katekista akasema tubaki na gitaa hadi Ijumaa, atakuja kulichukua, akavaa kofia akaenda.

Nawaambia ukweli kwamba kwa siku nzima nilijisikia mwenye bahati.

Jumanne nilimkuta Mzee amechukua kipande kilichobaki cha kitanda, amekigawa kwa chaki sehemu tano. Kila sehemu anajaribu linsidi kwa namna tofauti, amechutama chini na mgongo wake ule mbaya, anagusa kwa kidole kuona. Alikuwa anajifunza upya, mtu wa miaka sitini na ngapi, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nilikaa nikamwangalia mpaka nikashindwa.

"Mzee, si mvule."

Hakuinua kichwa. "Ni nini?"

"Ni shea."

Kidole kikasimama juu ya ubao.

"Ya kujipaka?"

"Ya Mama Nambi."

Nikaanza kufikiria nitaaga namna gani. Kisha akasema, "Ulipaka na ndani ya gitaa?"

"Nje tu."

"Afadhali." Akajinyanyua akishika meza. "Mimi umeniambia, na mimi nimesikia. Lakini si mimi niliyeambiwa baba yangu amenikasirikia. Nenda Chakol."

"Tutaenda pamoja?"

"Kwani mimi nilipaka shea?"

Nilipanda boda nikaenda. Nilitamani nimkute Katekista peke yake, lakini nyumbani kulikuwa na kikao. Kaka mkubwa alikuwa kwenye kiti chenye mikono, na kando ya kaburi la baba yao, nyuma ya jikoni, shimo dogo lilikuwa limekwisha pimwa kwa vijiti vinne. Nikasalimia wote. Nikaambiwa niketi. Nikakataa kuketi, kwa sababu nilijua nikiketi nitapewa chai, na nikipewa chai sitasema.

Nikasema. Nilisema yote, chupa tupu, nyanya yangu, beseni, mara tatu.

Kaka mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo unataka kutuambia baba yetu ni mafuta?"

"Hapana, mzee. Nataka kusema hajamshika mtu. Ni mimi nilikosea, na yeye ndiye anasemwa."

Hapo mke wa Katekista, aliyekuwa mlangoni na sufuria, akaanza kucheka polepole, mabega kwanza. "Mimi nilinusa. Nikajiambia, hii gitaa inanukia kama mtoto ameogeshwa. Nikaogopa kusema, wanaume wameshaleta mambo ya kaburi."

Katekista hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kuamini na anaogopa. "Dada, una hakika?"

"Nina hakika. Na tunaweza kuyatoa."

"Mkitoa na ishikane tena?" akauliza kaka mkubwa.

Nikatazama vidole vyangu.

"Basi mimi nitakuambia," akasema. "Ikishikana tena, inaingia pale." Akaonyesha vijiti kwa kidevu.

Kutoa mafuta kwenye mti ni kazi ya mtu aliyekosa. Nadhani ndiyo maana Mzee hakuigusa, aliketi tu karibu akitoa maelekezo kama refa. Tulivua nyuzi. Nikapangusa kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, kitambaa baada ya kitambaa, mpaka kidole hakitelezi. Kisha Mzee akaniagiza unga wa muhogo, ule mkavu mweupe. Nikalipaka gitaa unga lote upande wa mgongo na mbavu, nikaliweka kwenye jua la asubuhi. Jua linayaita mafuta juu, unga unayanywa. Mchana unalitoa, maana jua kali linaachanisha gundi. Unasugua unga ulioloa, unaweka mwingine. Watu waliokuwa wakipita kwenda kwenye foleni ya malori walikuwa wakisimama.

"Boss, hiyo samaki mnakaanga saa ngapi?"

Kuku wa mama wa chapati walilidonoa mara mbili. Alama moja ipo mpaka leo karibu na shingo; ukiliona hilo gitaa mahali, utalijua.

Siku tisa. Ijumaa aliyosema ilipita, na Katekista hakuja kulichukua, jambo ambalo nililichukua kama rehema. Siku ya kumi unga ukabaki mkavu. Mzee alikuwa amenunua linsidi mpya. Nikapaka kidogo, nikangoja, nikafuta. Kesho yake nikagusa.

Linanata.

Nilienda nyuma ya karakana nikalia kidogo, sitaficha. Niliona vile vijiti vinne. Mzee akanifuata akiwa na kile kipande chake cha kitanda chenye mistari ya chaki.

"Ulidhani nilisema mvule una tabia ili nikufurahishe? Una tabia kweli. Makosa yalikuwa mawili, la kwako na la kwangu, na la kwako lilifunika la kwangu." Akaniwekea kidole kwenye sehemu ya nne kati ya zile tano. "Gusa hapa."

Palikuwa pakavu. Pakavu, laini, kama mkono wa mtu.

Basi hii ndiyo namna, na mwishike. Mvule una jasho lake, la njano, ambalo linazuia linsidi kukauka. Kabla ya mafuta, pangusa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke bila njano. Spiriti ikishapaa, paka hapo hapo, usiende kunywa chai, maana ukichelewa jasho linarudi juu. Paka nyembamba hata uone aibu. Futa. Ngoja wiki nzima, si siku moja. Nilifanya hivyo mara nne, na kila wiki nilijizuia kugusa kabla ya siku, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko yote.

Mwezi ulipokwisha nikalipeleka Chakol mwenyewe. Nilikuwa na chupa ndogo ya linsidi na kitambaa kwenye kikapu, endapo njiani litachunika. Katekista alilipokea kwa mikono miwili, akalishika bila kulipiga. Kaka mkubwa akaitwa. Alikuja na shati la kazi, akanyoosha mkono akalitaka.

Aliweka kiganja chake chote mgongoni mwa gitaa na kukandamiza. Alihesabu kimoyomoyo, nilimwona midomo. Kisha akainua kiganja.

Hakuna kitu kilichomfuata.

Akakirudisha tena, lakini safari hii hakukandamiza. Alikuwa anatafuta. Akapata mahali ubao ulipokuwa mweupe kidogo, pale ambapo miaka mingi kitu kilikuwa kimeusugua.

"Hapa ndio alikuwa anaegemeza kichwa," akasema.

Katekista akapiga wimbo mmoja, ule wa kumlaza baba yao. Kaka mkubwa hakuimba, lakini hakuondoa mkono kwenye bega la mdogo wake mpaka wimbo ulipokwisha. Halafu akasema yeye ana njaa, na watu wote wakaanza kuongea kwa pamoja kama watu waliotoka mtihani.

Nilipoitwa kunawa mikono nikasema nakuja. Nikazunguka jikoni. Vijiti vilikuwa vimeng'olewa, na mahali pale mtu alikuwa amepanda kunde. Kwenye kaburi kulikuwa na msalaba wa sipresi, wa haraka haraka, umekwisha pauka na kuanza kupasuka juu. Hakuna mtu aliyeniona. Nikatoa kile kitambaa, nikaupaka msalaba linsidi, mbele na nyuma na ndani ya ule ufa, mti ukanywa kama mtu aliyekuwa safarini. Nikakaa chini kando yake robo saa nzima, chakula kikipoa ndani. Kisha nikasimama, nikaufuta mpaka ukawa mkavu.